Sindano ya Maji kwa Mwalimu Yona

Nilipokuja kwenye chuo chenu cha uuguzi, binti mmoja wa mwaka wa pili alisimama, akaniamkia, kisha akauliza swali ambalo mkufunzi wenu alidhani litaniudhi. "Mama, katika kazi yako, umewahi kumfanya mgonjwa akawa mtumwa wa dawa?" Nikajibu ndiyo, nilichangia. Kabla sijaendelea kengele ya chakula ikalia, nanyi mkakimbilia wali na maharage. Siwalaumu, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Lakini jibu nililolitoa lilikuwa nusu, na nusu hiyo ikibaki peke yake itawafanya muogope dawa. Hofu hiyo ndiyo iliyoniponza mimi. Basi someni hii nusu nyingine.

Naitwa Debora. Ni Mgogo wa upande wa Bahi, na niliuguza miaka mingi katika wodi ya upasuaji ya wanaume, hospitali moja ya hapa Dodoma. Wodini tulikuwa na kabati la mbao, na ndani yake kabati dogo la chuma lenye kufuli lake. Humo ndimo zilimokaa pethidini na mofini, dawa kali za maumivu. Ufunguo ulikuwa wangu. Niliufunga kwa utepe, nikauvaa shingoni ndani ya gauni, na nikiinama kutandika kitanda ulinigonga kifuani.

Aliyenikabidhi ufunguo huo ni Matroni Perpetua, Mngoni wa Songea. Alikuwa mama mfupi anayetembea bila kusikika, unageuka unakuta yupo nyuma yako anasoma unachoandika. Sheria yake ilikuwa kwamba kila ampuli ikishatumika, kile kichupa cha kioo kirudi kwake kikiwa kitupu, kilingane na kitabu. Mwezi wangu wa kwanza nilitupa kimoja kwa kujisahau. Hakunigombeza. Alisema tu, "Debora, kakitafute."

Nikapekua pipa la taka la wodi nzima, bandeji na maganda ya machungwa, wagonjwa wakinitazama kutoka barazani. Mzee mmoja mwenye plasta mguuni akaniita, "Nesi, ukikutana na meno yangu humo uniletee!" Kichupa nilikipata, na tangu siku hiyo sikuwahi kupoteza hata kimoja. Nilikuwa hodari sana wa kuhesabu vichupa. Ubaya ni kwamba nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mwalimu Yona alikuja wodini miaka ile ambayo biashara ilikuwa imefunguliwa. Sisi tuliozoea foleni ya sukari tukaona maduka yamejaa vitu, mitumba imetandazwa kila mahali, na mjini maduka binafsi ya dawa yanafunguliwa karibu kila mtaa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini, si mbali na kwetu, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa madaktari wote. Lori la mpunga alilopanda kutoka Bahi liliteleza kwenye tope likalala ubavu, na gunia pamoja na bodi vikamvunja paja la kulia. Mfupa uliunganishwa, lakini ukaingia usaha ndani. Alifunguliwa, akasafishwa, akafungwa. Baada ya wiki chache akafunguliwa tena. Kila kubadilisha bandeji ilikuwa shughuli ya watu watatu.

Sasa nisikilizeni hapa. Daktari aliandika kwenye faili, "Pethidini, akihitaji." Maneno haya mawili ya mwisho yanaonekana ya huruma. Lakini nani anaamua kwamba amehitaji? Ilikuwa mimi. Na mimi nilipima maumivu kwa kelele. Mgonjwa aliyelia sana alipata, aliyenyamaza nilimwona yuko sawa. Mwalimu Yona alikuwa amekuzwa kama wanaume wengi wa kwetu, tangu jandoni anajua kwamba mwanamume hatoi sauti. Alilala anatazama dari, midomo imekauka, shuka limelowa jasho. Mimi nikapita na sinia langu.

Siku tatu alikaa hivyo. Ya nne akaanza kuomba, na akagundua kwamba akiomba kwa upole anaambiwa asubiri, akipiga ukelele anapewa. Basi akajifunza kupiga ukelele. Halafu akajifunza kuanza mapema, kabla maumivu hayajafika, kwa sababu alijua nitachelewa. Akawa anatazama saa ya ukutani kuliko anavyomtazama mkewe, Mama Neema, aliyekuja kila siku na uji wa mtama kwenye chupa.

Mimi nikaona nini? Nikaona mtu anayependa sindano. Nikaandika hivyo kwenye ripoti ya zamu, kwa kalamu nyekundu.

Na siku moja mchana, mwalimu alipoanza kuita, nikafanya jambo ambalo wauguzi wa wakati wetu wengi walilijua na hawakulisema. Nilivuta maji ya kuchanganyia dawa kwenye bomba la sindano, maji matupu, nikamchoma. Nilitaka kumpima. Akitulia, nitajua alikuwa anajifanya.

Alitulia. Dakika kumi hivi. Nikajisifu moyoni. Nilipopita tena alikuwa amegeuza uso ukutani, paja linatetemeka.

"Sista Debora," akasema taratibu, "hii ya leo haikuwa na kitu."

"Ni dawa ile ile, mwalimu."

"Ile ile?"

"Ile ile."

Hakubishana. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeiba chaki na bado ana vumbi lake mkononi. Tangu siku hiyo hakuniomba tena. Wiki iliyofuata kidonda kilikuwa kimekauka kidogo, akasaini karatasi akaondoka kwa magongo. Tukamwandikia vidonge vya kawaida vya maumivu. Mimi nilifurahi kwamba ameacha sindano.

Kumbe hakuacha. Alimkuta mjini mtu wa duka moja la dawa, ambaye alimuuzia pethidini bila cheti na kumwonyesha jinsi ya kujichoma. Maduka mengi yalikuwa na watu waaminifu, nawaambieni hivyo msije mkawasingizia wote. Lakini mmoja alitosha.

Miezi kadhaa baadaye Mama Neema alinifuata nyumbani kwangu Makole. Sikumtambua mara moja, alikuwa amekonda. Tulisalimiana Kigogo, nikamkaribisha ndani, akakataa kukaa.

"Sista, mume wangu anajichoma," alisema. "Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya mguu. Sasa hata mguu ukitulia anajichoma. Watoto wa shule anawaambia watoke mapema. Juzi mwalimu mkuu amekuja nyumbani akamkuta amelala na viatu."

"Kwa nini hukumleta hospitali?"

"Nilimwambia. Akasema kule wanachoma maji."

 Mama yule hakujua kwamba anayeongea naye ndiye aliyechoma maji. Au alijua, akaniheshimu. Sikuwahi kumuuliza.

Nilikwenda kwa Matroni kabla ya kuvaa hata sare, nikamweleza yote, na maji nikayaeleza. Nilitegemea aninyang'anye ufunguo. Aliuliza tu, "Huyo mwalimu, alipokuja mara ya kwanza, alikuwa anajua kupiga ukelele?"

"Hapana, Matroni."

"Nani alimfundisha?"

"Mimi, Matroni."

"Mlete," akasema. "Na hayo ya maji utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Mwalimu aliletwa na kaka yake kwa gari la misheni. Tangu asubuhi hakuwa amejichoma, na mwili ulikuwa unamdai. Mkae mkizijua dalili hizi, maana si rahisi kuzisahau ukishaziona: miayo mfululizo, pua inatiririka, machozi yanatoka bila kilio, vinyweleo vimesimama kama mtu wa baridi, na huo ulikuwa Novemba wa Dodoma, bati linapasuka kwa joto. Paja la kushoto, lile zima, lilikuwa na jipu mahali alipokuwa anajichoma. Paja bovu nalo lilikuwa linatoa usaha upya.

Daktari wetu wa upasuaji alipiga picha akakuta kipande cha mfupa uliokufa kimebaki ndani. Yaani wakati wote ule mguu ulikuwa unauma kweli. Mtu alikuwa na mambo mawili kwa pamoja, maumivu halisi na mazoea ya dawa, na sisi tulizoea kudhani mtu anakuwa na moja tu.

Kabla ya upasuaji nilikwenda kitandani kwake nikavuta stuli. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yaliyotoka ni machache.

"Mwalimu, siku ile ilikuwa maji. Nilikudanganya mara mbili, kwa sindano na kwa mdomo. Nisamehe."

Alinigeuzia uso.

"Nilijua," akasema. "Ila nilikuwa naanza kuamini kwamba nina wazimu. Mtu anaumia, anaambiwa amepewa dawa, na bado anaumia. Unajiuliza, labda hayo maumivu nayatunga mwenyewe."

"Hukuyatunga."

"Basi sema hivyo mbele ya mke wangu."

Nikasema mbele ya mkewe. Ilikuwa ngumu kuliko kupekua pipa la taka.

Upasuaji ulitoa kile kipande. Baada ya hapo Matroni na daktari wakapanga utaratibu ambao kwetu ulikuwa mpya. Kwanza, sindano zikome. Alipewa mofini ya maji ya kunywa, iliyotoka Dar es Salaam kwa kibali na kupimwa na mfamasia wetu. Dawa ya kunywa inapanda taratibu na kushuka taratibu, haimpi mtu ule mruko wa ghafla kichwani ambao mwili huutamani. Pili, apewe kwa saa, aombe asiombe. Hilo la "akihitaji" likafutwa. Nilipinga kidogo. "Tukimpa kabla hajaumia si ndiyo tunamzoesha?" Daktari akanieleza kwa uvumilivu kwamba mtu anayejua dawa yake inakuja saa fulani hana sababu ya kuiwaza muda wote. Na kweli, siku ya tatu niliona mwalimu ameacha kutazama saa. Alikuwa anasoma gazeti la wiki iliyopita na kusahihisha makosa ya tahajia kwa kalamu.

Tulimfundisha kuonyesha maumivu kwa vidole. Ngumi ni hakuna, vidole vitano ni mabaya kuliko yote aliyowahi kuyapata. Kwa mtu asiyependa kusema, vidole vilikuwa wokovu. Lakini Matroni hakuniruhusu kuishia kwenye vidole. Kila siku niliuliza pia, "Leo umefanya nini?" Umekaa? Umesimama? Umefika mlangoni? Vidole vitatu na umefika getini ni habari njema kuliko vidole viwili na umelala kutwa nzima. Alipewa pia kidonge cha jioni cha mishipa ya fahamu, maana paja lilikuwa na ule uchungu wa kuwaka kama limepakwa pilipili, ambao mofini peke yake haiuwezi vizuri.

Na kuna jambo nililolisahau, nalo likatuletea balaa. Mofini hufunga choo. Siku ya sita mwalimu alikuwa na hasira kuliko siku zote za mguu.

"Sista, afadhali mniache niumie," akalalamika. "Nimekula mlenda, nimekula mapapai mawili, nimemaliza mtungi wa maji. Hakuna kitu!"

Wodi nzima ikajua habari za tumbo la mwalimu. Dawa ya kulainisha choo ilipofanya kazi, wagonjwa wenzake walimpigia makofi akirudi kutoka msalani, naye akapunga gongo juu kama aliyeshinda uchaguzi. Ninyi mkimpa mtu dawa hii, mpeni ya choo siku hiyo hiyo. Msingoje makofi.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani tulikubaliana wanne, yeye, mkewe, daktari na mimi. Anayeandika cheti ni daktari mmoja tu. Dawa inatoka dirisha moja tu, na ni ya wiki moja kwa wakati. Chupa inakaa kwenye sanduku la Mama Neema lenye kufuli, mbali na watoto, na yeye ndiye anayempimia. Pombe marufuku, hata ile ya kienyeji ya mavuno, kwa sababu vitu hivyo viwili vikikutana mtu anaweza kulala asiamke. Naye Mama Neema alifundishwa kwamba akimkuta mumewe amesinzia hovyo na pumzi zimepungua, asimpe dawa nyingine, akimbilie hospitali. Mwalimu aliandika makubaliano hayo yote kwa mwandiko wake mzuri kwenye daftari la shule, akaweka na mstari wa pembeni kwa rangi nyekundu.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Kidonda kilifunga, daktari akaanza kupunguza kipimo kidogo kidogo, kila baada ya wiki mbili. Mkitaka kumtesa mtu mliyemzoesha dawa, mkatieni ghafla. Mwili uliozoea unadai, na kudai huko peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwovu. Unaushusha ngazi kwa ngazi, na akichoka unamwacha apumzike kwenye ngazi hiyo.

Kisha akaja siku ya Jumatatu wakati siku yake ilikuwa Alhamisi. Alikuja peke yake.

"Chupa imemwagika," akasema.

Zamani ningemwita mwongo mbele za watu na kumfukuza. Au, kama ningekuwa na haraka, ningempa nyingine aondoke. Safari hii nikavuta stuli.

"Mwalimu, imemwagika au imenyweka?"

Akaangalia vidole vyake. Mama Neema alikuwa amekwenda msibani Mtera, kwao, kumzika mama yake mdogo, na kwa kuwa angekaa siku kadhaa alimwachia mumewe ufunguo wa sanduku.

"Siku ya kwanza nilipima sawa," alisema. "Siku ya pili nikaongeza."

"Mguu uliuma?"

"Mguu ulikuwa vidole viwili." Akalaza gongo magotini. "Nyumba ilikuwa tupu. Nikaanza kuwaza darasa la nne. Watoto wale nimewapotezea mwaka mzima, Sista. Wengine hawajui kugawanya. Nikanywa ili nisiwaze."

Hapo ndipo nilipoiona tofauti kwa macho yangu. Dawa ya mguu ilikuwa imeanza kutumika kwa huzuni. Nilimshukuru kwa kusema, na nilimaanisha. Tukaenda wote kwa daktari. Alimpima kwanza, pumzi na mapigo, kuona kama yuko salama. Dawa hakunyimwa, lakini alipewa ya siku mbili tu, aje kila baada ya siku mbili mpaka mkewe arudi, na kupunguza kukasimamishwa kwa muda. Matroni akampigia mwalimu mkuu simu ya ofisi ya kata, akaomba huyu mtu apewe kazi hata kama hawezi kusimama. Hiyo simu nadhani ilimsaidia sawa na chupa zote. Alirudi darasani akiwa amekaa kwenye kiti, gongo limeegemezwa mezani, mtoto mrefu akimwandikia ubaoni. Alianza na kugawanya.

Ilichukua karibu miezi mitano tangu hapo. Kuna ngazi alizopanda tena badala ya kushuka. Wiki ya mwisho alikuja na Mama Neema, chupa ikiwa na robo ya dawa.

"Hii imebaki," akasema mwalimu. "Siitaki nyumbani."

Mfamasia akaipima, tukaiandika, tukaiharibu mbele ya mashahidi, kila mmoja akasaini. Nikamwuliza vidole. Akainua viwili.

"Bado viwili?"

"Vitabaki viwili, daktari kaniambia. Nimevizoea. Tunakaa pamoja nyumbani kama mgeni asiyeaga."

Ninyi mtakutana na wanaotaka kupona mpaka ngumi. Wachache watafika. Wengine mtawafikisha kwenye vidole viwili na kazi yao mkononi, na mtaandika hivyo kwenye faili bila aibu. Na mtakutana na wagonjwa wa kansa ambao watahitaji mofini mpaka siku yao ya mwisho, na hao msiwapunguzie kwa hofu ya mazoea. Kila mtu na ngazi zake.

Mwaka uliofuata tulimpokea mfugaji mmoja, mtu wa makamo aliyekanyagwa na ng'ombe, nyonga imevunjika. Alilala ameuma shuka, na kila nikimwuliza anajibu, "Niko salama." Nilikuwa sijui nimfanyeje. Siku hiyo Mwalimu Yona alikuwa amekuja kuonyesha mguu wake, akiwa na gongo moja tu. Akamwona yule mtu, akachechemea mpaka kitandani kwake, akaketi ukingoni bila kuombwa. Wakaongea Kigogo kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natayarisha bandeji, nikasikia mwalimu akimweleza habari za vidole.

"Nikionyesha, atanidharau," akasema mfugaji.

"Nani, yule mama? Yule aliwahi kunidanganya," mwalimu akajibu. "Kisha akaja akaniambia amenidanganya. Onyesha tu."

Pazia lilikuwa na upenyo. Nikaona mkono wa mfugaji ukitoka chini ya shuka, vidole vyote vitano vimefunguka. Nikaacha bandeji, nikaenda kabatini.